Adhabu ya kaburi aijua maiti: hotuba kuhusu solipsizimu

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi wa uuguzi mnaoingia wodini kwa mara ya kwanza wiki ijayo, itifaki imezingatiwa.

Mwalimu wenu aliponipigia simu aliniomba jambo moja tu. Alisema mmoja wenu alikutana na neno katika somo la maadili, akauliza maana yake, na darasa zima likanyamaza. Neno lenyewe ni solipsizimu. Nimefundisha falsafa kwa miaka mingi na mara nyingi nimelipita haraka, kwa sababu wanafunzi hulichukua kama fumbo la kuchangamsha akili kisha wakaenda kula. Leo sitalipita haraka. Ninyi mtakutana na jambo lenyewe mara nyingi kuliko mwanafalsafa yeyote. Kila zamu mtasimama kando ya kitanda cha mtu anayesema "inauma", na hakuna hata mmoja wenu atakayeweza kuingia ndani ya mwili ule akahakikisha.

Tuanze na neno. Kwa Kilatini, solus ni peke yake, na ipse ni mwenyewe, nafsi yenyewe. Ukiyaunga unapata nafsi peke yake. Katika falsafa, solipsizimu ni fikra kwamba kitu pekee nilicho na hakika nacho ni nafsi yangu na yanayopita ndani yake: ninachokiona, ninachokisikia, ninachokiwaza. Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakasema hakuna kingine kilichopo kabisa. Ukumbi huu, feni zinazozunguka juu, ninyi mlioketi, vyote ni picha zinazopita akilini mwangu, na zikikoma kupita basi navyo vimekoma. Kauli ya kwanza inahusu kujua, ya pili inahusu kuwapo. Nitashughulika zaidi na ya kwanza. Ya pili sijawahi kumwona mtu anayeiishi. Ya kwanza nimewaona wengi, na nitawaeleza ni wapi.

Neno hili halikuzaliwa darasani. Lilizaliwa katika ugomvi. Mwaka 1645, huko Venice, kilitolewa kitabu cha kejeli kwa Kilatini, Monarchia Solipsorum, yaani ufalme wa Solipsi, watu wanaojiona wao tu. Kila msomaji wa wakati ule alielewa kwamba wanaochapwa ni Wajesuiti, shirika la Kikatoliki lililokuwa na nguvu kubwa katika shule na katika nyumba za wafalme. Mwandishi alijificha nyuma ya jina la bandia, Lucius Cornelius Europaeus. Wengi humtaja Giulio Clemente Scotti, ambaye mwenyewe alikuwa Mjesuiti kabla ya kujitoa. Wengine humtaja Melchior Inchofer. Vyovyote iwavyo, neno lilikuwa shutuma. Kumwita mtu Solipsi ilikuwa kumwambia: wewe humwoni mtu mwingine.

Miaka 143 baadaye maana ilikuwa bado ileile. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika Uhakiki wa Akili Tendaji wa mwaka 1788, alipofika mahali pa kueleza ubinafsi, ile hali ya mtu kuzitanguliza tamaa zake mbele ya sheria ya maadili, aliweka kando ya neno la Kijerumani neno hili la Kilatini, solipsismus. Hakuwa akizungumzia kama ulimwengu upo au haupo. Alikuwa akizungumzia tabia. Wale waliodhaniwa kuamini kwamba nafsi zao tu ndizo zilizopo waliitwa kwa jina jingine siku hizo: Christian Wolff, Mjerumani wa karne hiyohiyo ya 18, aliwaita maegoisti. Ni katika nusu ya pili ya karne ya 19 tu ndipo majina haya mawili yalipobadilishana viti. Egoizimu ikabaki na tabia, solipsizimu ikachukua nadharia.

Lisikilizeni hilo kwa masikio ya Kiswahili. Neno letu binafsi limetoka katika Kiarabu, bi nafsi, kwa nafsi. Kutoka hapo tukapata mambo binafsi, gari binafsi, na kutoka hapo tukapata ubinafsi, ambao si sifa njema kwa yeyote. Lugha yetu imeziweka nafsi iliyojifungia na nafsi isiyowajali wengine chini ya paa moja. Wanafalsafa wa Ulaya wakazitenganisha, moja ikapelekwa kwenye maadili, nyingine kwenye elimu ya kujua. Mimi naamini walipozitenganisha walipoteza kitu, na karibu yote nitakayosema kuanzia sasa ni kuhusu kitu hicho kilichopotea.

Fikra yenyewe ni ya kale kuliko neno. Gorgias, mwalimu wa ufasaha wa Kigiriki kutoka Leontini, kisiwani Sicily, karne ya tano kabla ya Kristo, alidai kwamba hakuna kilichopo. Hata kama kipo hakijuliki. Na hata kikijulika hakielezeki kwa mwingine. Wataalamu hadi leo wanabishana kama alimaanisha au alikuwa akionyesha umahiri wa kusema. Nitamwacha hapo.

Ninayetaka kukaa naye ni Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyezaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058 na kufariki 1111. Wenzangu mliopitia madrasa mnalijua jina hili; vitabu vyake vimesomwa pwani yetu kwa vizazi. Katika kitabu alichokiandika kuhusu maisha yake, anasimulia jinsi shaka ilivyomwingia. Alianza na macho. Ukitazama kivuli unaona kimesimama, kumbe kinasogea kidogo kidogo bila kukoma. Ukitazama nyota unaiona ndogo kama dinari, lakini hesabu za kijiometri zinakuonyesha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Basi akili imeyakosoa macho. Je, hakuna kitu juu ya akili kitakachokuja kuikosoa akili nayo? Akakumbuka ndoto: ukiwa ndani yake unaamini kila unachokiona, ukiamka unaona hapakuwa na kitu. Utajuaje kwamba hali uliyo nayo sasa haina kuamka kwake?

Hali hiyo ilimshika karibu miezi miwili. Anaiita maradhi. Kwa mdomo hakusema kitu, ila ndani alikuwa mtu asiye na hakika ya lolote. Na alipopona, anasema wazi, hakupona kwa hoja. Alijaribu kuijenga hoja akashindwa, kwa maana hoja hujengwa kwa misingi, na misingi yenyewe ndiyo iliyokuwa imetiliwa shaka. Alipona kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitupa kifuani mwake. Hamlazimiki kuwa Waislamu, wala watu wa dini yoyote, kuona uzito wa ungamo hilo. Huyu alikuwa mmoja wa watu wenye hoja kali kuliko wote wa zama zake, na anatuambia kwamba mahali hapa hoja haifiki. Ghazali hakuwa solipsisti, nisieleweke vibaya. Lakini alisimama kizingitini akachungulia ndani.

Zaidi ya miaka mia tano baadaye, mwaka 1641, René Descartes wa Ufaransa alifika kizingiti hichohicho katika Tafakuri zake. Naye alianza na hisi, akapita kwenye ndoto, kisha akaongeza la kutisha zaidi: tuseme kuna pepo mwenye hila ambaye kazi yake yote ni kunidanganya. Kitu gani kinabaki? Kinabaki kwamba mimi ninayedanganywa nipo. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Kiislamu, alikuwa ameukaribia mlango huo kwa njia nyingine karne sita kabla, alipomwazia mtu aliyeumbwa akielea hewani, haoni, hagusi chochote, hata viungo vyake mwenyewe havigusani, na bado mtu huyo anajua kwamba yeye yupo.

Katika Tafakuri ya pili kuna aya fupi ambayo naiona muhimu kuliko ile kauli yake maarufu, "Nafikiri, basi nipo". Descartes yuko dirishani, anatazama watu wakipita barabarani. Anajiuliza: ninachokiona hasa ni nini? Ni kofia na makoti. Chini ya kofia na makoti zingeweza kuwapo mashine zinazojiendesha zenyewe. Kwamba wale ni watu, anasema, sikioni kwa macho, nakihukumu kwa akili. Naomba mwiweke picha hiyo mahali: mtu amesimama juu, nyuma ya kioo, anawatazama wengine wakipita chini, na anatafakari kama ni watu. Descartes alitoka chumbani mwake kwa msaada wa Mungu asiyedanganya. Askofu George Berkeley, mwaka 1710, aliyesema vitu tunavyoviona na kuvigusa vipo kwa kuwa vinatambulika na akili, naye aliokolewa na Mungu anayevitambua vyote muda wote. Ukimwondoa Mungu katika vitabu hivyo viwili, mlango umefungwa kwa nje.

Tatizo lenyewe bibi zetu walilijua. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tatu hizo zinasema jambo ambalo vyuo vikuu vinalifundisha muhula mzima: kuna kujua ambako ni kwa aliye ndani tu. Mwingereza John Stuart Mill alijaribu mwaka 1865 kujenga daraja la kutokea. Nikiungua, alisema kwa maana yake, nahisi maumivu kisha napiga kelele. Nikimwona mwenzangu ameungua na anapiga kelele, nakisia kwamba katikati pale naye ana maumivu. Linaonekana jambo la busara. Lakini ni sawa na mtu anayeijua nyumba moja tu duniani, yake, ambayo ina kisima uani, akakata shauri kwamba kila nyumba ina kisima. Kisio la namna hiyo halibebi uzito tunaoutaka. Na hata lingebeba, hebu fikirini: mtoto wako akijigonga, je, unakisia?

Ludwig Wittgenstein, Mwaustria aliyefundisha Cambridge, alilitazama jambo hili maisha yake yote. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, yeye akiwa ameshafariki, anatuomba tuwaze watu ambao kila mmoja ana kisanduku, ndani yake mna kitu anachokiita mdudu. Hakuna anayeruhusiwa kuchungulia cha mwenzake. Kila mtu anasema anajua mdudu ni nini kwa kutazama wake tu. Basi kila sanduku lingeweza kuwa na kitu tofauti, au kuwa tupu, na neno lingeendelea kutumika vilevile. Hoja yake si kwamba maumivu hayapo. Hoja yake ni kwamba neno maumivu halikupata maana kwa njia hiyo ya kisanduku.

Lilipata wapi? Chukueni maneno tuliyo nayo. Kichwa kinagonga, kichwa kinawanga. Tumbo linasokota. Kichomi. Jipu linapwita. Mguu umekufa ganzi. Nani kati yenu aliyatunga akiwa peke yake, kwa kujitazama ndani? Ulianguka ukiwa na miaka miwili, ukalia, na mtu mzima akakuinua akasema: pole mwanangu, goti linauma? Yeye ndiye aliyeliona jeraha, akauona uso wako, akakupa neno. Leo ukisema "maumivu yangu nayajua mimi tu", unalisema kwa neno ulilopewa na mtu aliyeyatambua maumivu yako kabla wewe hujaweza kuyataja.

Na neno la kwanza alilokupa lilikuwa pole. Mimi naliheshimu sana neno hili. Husemwa kwa aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyenyeshewa, anayetoka kazini. Anayelisema si lazima awe amekosa, na hangoji ushahidi. Linatoka mdomoni kabla ya Mill hajamaliza kukisia.

Sasa nifike nilikokuwa nakuja. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell anasimulia kwamba aliwahi kupokea barua kutoka kwa Christine Ladd-Franklin, mwanamantiki mashuhuri wa Marekani, akisema yeye ni solipsisti na anashangaa kwamba hakuna wengine. Mnaona tatizo la barua hiyo bila mimi kulieleza. Na Arthur Schopenhauer, mwanafalsafa Mjerumani, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1818, aliandika kwamba fikra hii haiwezi kamwe kuvunjwa kwa uthibitisho, ila mtu anayeishika kwa dhati utampata katika hospitali ya wagonjwa wa akili tu, na huyo anahitaji tiba, hahitaji hoja. Aliifananisha na ngome ndogo mpakani: haitekeki, lakini askari walio ndani nao hawawezi kutoka, hivyo unaipita na kuiacha nyuma yako bila hatari.

Hapo kwenye "bila hatari" ndipo ninapoachana naye. Ni kweli hakuna anayeitangaza. Lakini imetendwa, tena na watu wenye akili timamu, wenye vyeti, katika vyumba safi.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, madaktari wengi waliamini kwamba mtoto mchanga hahisi maumivu, au hayahisi kwa namna ya kutiliwa maanani. Walikuwa na sababu zao. Neva zake hazijakomaa. Kilio chake ni mwitikio wa mwili tu, kama goti linavyoruka likigongwa. Hatakumbuka. Na nusukaputi yenyewe ilikuwa hatari kwa mwili mdogo kiasi kile, jambo ambalo ni kweli na lazima tuwatendee haki kwa kulisema. Mwaka 1985, nchini Marekani, mtoto njiti alifanyiwa upasuaji wa mshipa ulio karibu na moyo. Alipewa dawa ya kulegeza misuli ili asitikisike. Ya kuzuia maumivu hakupewa. Alifariki wiki chache baadaye, na mama yake alipogundua lililotendeka alianza kuandika na kusema hadharani, mpaka magazeti yakalichukua mwaka uliofuata.

Fikirini dawa ile ilifanya nini. Hakulia, kwa sababu hakuweza kulia. Hakukunja uso. Ishara zote ambazo Mill angezitumia zilikuwa zimezimwa kwa sindano, na kilichobaki mezani, kwa wale waliosimama pale, kilikuwa kofia na makoti.

Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake huko Oxford walichapisha utafiti wao: njiti waliopewa fentanyl, dawa kali ya kuzuia maumivu, wakati wa upasuaji miili yao ilipata mshtuko mdogo, na baadaye walipata matatizo machache kuliko wale ambao hawakupewa. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikatoa tamko kwamba watoto wachanga nao wapewe dawa. Nashukuru kwa utafiti ule, umeokoa wengi. Lakini naumia kila nikiukumbuka, kwa sababu mama yeyote aliyekuwa amemshika kichanga wake wakati wa chanjo alikuwa na jibu tayari, na jibu lake lilihesabiwa kuwa si ujuzi.

Madaktari wale hawakuwa waovu. Walikuwa wamesimama dirishani na Descartes, wakidai uthibitisho kabla ya kukiri. Ndiyo maana nasema ile maana ya 1645 na ile ya vitabu vya leo hazikupaswa kutenganishwa. Shaka juu ya maumivu ya mwingine si swali la kujua peke yake. Wakati wewe unangoja hakika, yeye anaumia, na kungoja kwako tayari ni jambo unalomtendea.

Taaluma yenu imelijibu hili vizuri kuliko yangu. Mwaka 1968 muuguzi wa Marekani, Margo McCaffery, aliandika kwamba maumivu ni chochote kile ambacho mwenye kuyapata anasema ni maumivu, na yapo kila anaposema yapo. Wanafalsafa wenzangu wangeirarua sentensi hiyo kwa dakika mbili: je, akidanganya? Wapo watakaodanganya, mtawakuta. Lakini McCaffery hakuwa akijibu swali la mwanafalsafa. Alikuwa akiamua nani aanze kuaminiwa. Na pale ambapo mgonjwa hawezi kusema kabisa, chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu, kilipofanyia marekebisho ufafanuzi wake mwaka 2020, kilieleza kwamba kusema ni njia moja tu kati ya nyingi, na kushindwa kujieleza hakuondoi uwezekano kwamba mtu anaumia. Wiki ijayo mtafundishwa kumuuliza mgonjwa ataje namba, sifuri hadi kumi. Atakapokuambia nane, na uso wake wewe unaona ni tano, andika nane.

Mama yangu alipata kiharusi. Wiki tatu alilala bila kusema neno, macho yakiwa wazi, na hakuna aliyeweza kutuambia kama alikuwa akitusikia. Palikuwa na muuguzi mmoja wa zamu ya mchana aliyefanya kila kitu sawasawa: dawa kwa saa, shuka safi, faili limejazwa. Alimgeuza mama kama unavyogeuza godoro. Sikumlaumu kwa sauti, wodi ilikuwa na wagonjwa wengi naye alikuwa mmoja. Zamu ya usiku alikuja mwingine, binti mdogo, umri wenu. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mama. Akasema, "Mama, nakugeuza sasa, upande wa ukutani. Pole, najua bega hili linauma." Halafu akanyamaza, mkono wake ukiwa begani pale, akasubiri kidogo, kama mtu anayengoja jibu, ndipo akamgeuza.